BWAWA NI LA MMOJA, MAFURIKO NI YA WOTE

Kila mwaka mvua zinapokaribia, watu wa Kilosa hutazama juu, upande wa milima ya Ukaguru na Rubeho. Hawatazami kwa kupenda mandhari. Wanatazama kwa sababu wanajua ya kwamba mvua iliyowanyea wengine jana huko juu ndiyo itakayobisha hodi milangoni mwao leo. Elimu hiyo hawakuipata darasani. Waliipata kwa kupoteza nyumba, mazao na mifugo.

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu habari ya mabwawa. Hatuna nia ya kusema juu ya mabwawa makubwa. Bwawa la Kidatu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1975, lina wahandisi wake, na likipata kasoro nchi nzima itasikia. Sisi twataka kusema juu ya mabwawa madogo, yale ambayo hayamo katika ramani wala katika hotuba: bwawa la shamba, bwawa la nyumba ya wageni, bwawa la mtu aliyependa kuvua samaki siku ya Jumapili na kuwatembeza rafiki zake kwa mtumbwi.

Wilaya ya Kilosa ni mahali panapostahili swali hili. Tangu zama za Wajerumani ardhi yake imekatwa mashamba makubwa ya katani, na shamba kubwa halikai bila maji. Mashamba mengine yamebadili wenyewe mara nyingi, mengine yamerudi kuwa pori. Mikumi nayo, tangu hifadhi ya wanyama ilipoanzishwa mwaka 1964, imekuwa mji wa wageni. Na ajengaye nyumba ya wageni haichukui muda kabla hajatamani maji ya kuwafurahisha macho. Hatumshitaki mtu, na hatuna jina la shamba wala la hoteli mfukoni. Twauliza tu: mabwawa ya namna hiyo ni mangapi, yako wapi, nani ameyakagua, na chini yake wanakaa akina nani? Swali hilo kila kijiji kingepaswa kuwa na jibu lake.

Wako watakaocheka. Watasema, "Kidimbwi cha bata nacho kiandikiwe gazetini?" Basi na tupige hesabu pamoja, hesabu ya mtoto wa shule. Chukua bwawa dogo lenye urefu wa mita 100, upana wa mita 50, na kina cha wastani wa mita 2. Zidisha: ni mita za ujazo 10,000. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Kwa hiyo kidimbwi hicho ni tani 10,000, sawa na malori 1,000 ya tani kumi kumi. Yapange malori hayo juu ya kilima, yote yakielekea kijijini, na yote yamezuiwa na ukuta wa udongo mmoja. Je, nani atalala usingizi chini yake bila kuuliza ukuta ule ulijengwa na nani?

Hayo si maneno ya kutisha watoto. Jirani zetu wa Kenya wameyaona kwa macho. Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka baada ya mvua kubwa. Maji na matope yaliteremka kilima yakavikuta vijiji, na watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao watoto na kina mama. Shule na nyumba zilichukuliwa. Mamlaka ya maji ya Kenya ilitamka ya kwamba mabwawa ya shamba lile hayakuwa na kibali. Yaani maji yale yalikaa pale juu, yakaonekana na kila mtu, na katika daftari za serikali hayakuwapo. Kesi ilifunguliwa mwaka ule ule juu ya vifo vile, ikawa ya kwenda na kurudi kwa miaka. Lakini hakuna hukumu inayoweza kumrudisha mtoto aliyekwenda na maji.

Na kama kuna mtu adhaniye kwamba mambo haya ni ya nchi maskini tu, na asome habari za Johnstown, Pennsylvania, katika Marekani. Huko kulikuwa na bwawa la zamani lililojengwa kwa ajili ya mfereji wa usafiri, kisha likaachwa. Mwaka 1879 likanunuliwa na klabu ya matajiri waliotaka mahali pa kuvua samaki na kupumzika. Katika wanachama wake walikuwamo Andrew Carnegie na Henry Clay Frick, mabwana wa chuma na makaa. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yamekwisha ng'olewa na mwenye bwawa wa kabla yao, wao hawakuyarudisha. Wakashusha kimo cha tuta ili magari yao ya farasi yapite juu. Wakaweka wavu katika njia ya kutokea maji ili samaki wao wasitoroke. Tarehe 31 Mei, 1889, ikanyesha mvua kubwa, wavu ukazibwa na takataka, maji yakapanda juu ya tuta, na tuta likaondoka. Mji wa wafanya kazi uliokuwa bondeni, mwendo wa kilomita 23 hivi, ukafagiwa. Walikufa watu 2,209. Mahakamani klabu haikupatikana na hatia.

Twaomba wasomaji waitazame sana habari hiyo. Hapakuwa na adui aliyelivunja bwawa lile. Waliliua kwa mambo madogo madogo, kila jambo likiwa na sababu yake nzuri: bomba ni gharama, njia ni nyembamba, samaki ni ghali. Ndivyo mabwawa ya starehe yanavyokufa. Mwenyewe hutazama uso wa maji, kwa sababu ndiko kwenye uzuri. Upande wa nyuma wa tuta, ambako mauti hupita, hana haja ya kwenda.

Basi na tuseme wazi bwawa la udongo huuawa na nini, ili kila mwanachama aweze kulitazama kwa macho ya kujua.

La kwanza ni maji kupita juu ya tuta. Udongo ulioshindiliwa hustahimili maji yaliyotulia ubavuni mwake, lakini haustahimili maji yanayokimbia mgongoni. Yakishapata mahali pa chini kidogo, labda pale ng'ombe walipokanyaga na kufanya njia, hukata, na mkato huwa korongo, na korongo huwa lango. Kwa hiyo kila bwawa lazima liwe na utoro wa maji, yaani njia pana ya pembeni ya kupitishia maji ya mvua kubwa kabla hayajafika juu ya tuta. Utoro ukiota vichaka, ukizibwa kwa wavu wa samaki, au ukiinuliwa kwa mifuko ya mchanga ili bwawa lionekane limejaa, basi bwawa hilo limekwisha andikiwa siku yake.

La pili ni maji kupita ndani ya tuta. Huyu ndiye mwuaji wa siri. Mti umeota juu ya tuta, watu wanasifu kivuli. Lakini mizizi yake inachimba, na mti ukifa mizizi huoza na kuacha mashimo. Mchwa hujenga kichuguu, nungunungu huchimba pango, bomba la chuma hula kutu kutoka ndani. Maji hufuata njia hizo. Mwanzoni hutoka nyuma ya tuta kama chemchemi ndogo, safi, na watu huenda kuyateka. Maji safi ni jambo la kuangaliwa kila siku. Lakini siku yatakapotoka na rangi ya udongo, maana yake yanabeba tuta lenyewe, na hapo muda ni wa saa, si wa siku. Huko Idaho, Marekani, tarehe 5 Juni, 1976, bwawa la Teton, lenye kimo cha mita 93 na lililojengwa na wahandisi wa serikali, lilionekana likivuja maji ya matope asubuhi. Ilipofika saa 5 na dakika 57 mchana haujaingia, likabomoka. Ikiwa kubwa la namna ile halikumaliza asubuhi moja, dogo la kwetu litasubiri nini?

La tatu ni tuta kuteleza. Nyufa ndefu zifuatazo urefu wa tuta, mahali palipotitia, ubavu uliofura kwa chini, majani mabichi na tope wakati wa kiangazi: hizo zote ni barua ambazo tuta humwandikia mwenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bwawa methali hiyo haitoshi, maana ukuta wenyewe utakuwa umekwenda na wajenzi wake.

Sasa turudi Kilosa. Mto Mkondoa huanza mbali, katika nchi kavu ya Dodoma na Mpwapwa, ukiitwa Kinyasungwe. Hupita Gulwe na Kidete, huingia katika bonde baina ya milima, hutokea mjini Kilosa, na mwisho maji yake huwa ya Wami. Njiani huchukua mchanga mwingi sana. Mchanga huo ndio adui wa kila bwawa, kubwa na dogo, katika nchi hii. Bwawa lililojaa mchanga huonekana limejaa maji kwa mvua kidogo tu. Mwenyewe hufurahi, kumbe kinachojaa ni kikombe kilichokwisha jaa udongo nusu. Mvua kubwa ikija haina mahali pa kukaa, inapanda juu ya tuta mara moja.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Kilosa ilipata somo ambalo halijasahauliwa. Mkondoa ulivunja kingo zake, watu zaidi ya 20,000 wakapatwa na mafuriko, wengi wakakaa katika mahema, na Reli ya Kati ikakatika baina ya Kilosa na Gulwe, nchi ikakaa kwa miezi bila njia yake ya mizigo ya kwenda bara. Bwawa la Kidete, lililowekwa ili kupunguza nguvu za maji hayo, liliharibika, na jina lake limetajwa Bungeni mara nyingi tangu hapo. Januari 2014 mafuriko yakaja tena wilayani, upande wa Dumila, yakaharibu daraja la Magole katika barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Kidete si bwawa la mtu binafsi, wala halikuwa la starehe. Twalitaja kwa sababu linafundisha jambo moja: ikiwa bwawa linalojulikana na serikali nzima laweza kudhoofika mpaka likaharibika, je, lile lisilojulikana na mtu?

Tena mabwawa hayafi peke yake. Bwawa dogo la juu likipasuka, maji yake humwangukia la chini, na la chini huongeza yake, na tuta la reli au la barabara hufanywa bwawa la tatu bila kuombwa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili, 2024, huko Mai Mahiu nchini Kenya, watu walidhani bwawa limepasuka. Ikaonekana ni kalvati chini ya reli ya zamani lililozibwa na takataka, maji yakajaa nyuma ya tuta la reli mpaka yakalivunja. Walikufa watu zaidi ya 45. Wilaya ya Kilosa ina reli ya zamani, ina reli ya tawi ya kwenda Kidatu kwa njia ya Mikumi, na sasa inapitiwa na reli mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Kila kalvati la reli na la barabara ni mlango wa maji. Mlango uliozibwa ni bwawa.

Je, sheria imekaa kimya? Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, yasema maji ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ziko pia kanuni za usalama wa mabwawa za mwaka 2013. Bwawa huombewa kibali, na mwenye bwawa ndiye abebaye wajibu wa usalama wake. Kwa Mkondoa na mito inayokwenda Wami, wenye kusimamia ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi yake Morogoro. Upande wa maji yanayokwenda Ruaha Mkuu ni Bodi ya Bonde la Rufiji. Kwa hiyo mtu asiambiwe hakuna pa kwenda. Pa kwenda papo. Kilichopungua ni watu wa kwenda.

Twajua majibu ya wenye mabwawa, nayo tutayatendea haki. Yuko asemaye, "Ardhi ni yangu kwa hati, na bwawa ni langu." Twamjibu: bwawa ni lako maadamu maji yamo ndani yake. Yakishatoka hayatasimama penye mpaka wa shamba kusoma hati. Yuko asemaye, "Bwawa hili lina miaka hamsini, halijadhuru mtu." Twamjibu: miaka hamsini kwa bomba la chuma si sifa. Tena kwa miaka hamsini misitu ya juu imekatwa, maji yateremka kwa haraka kuliko zamani. Na huko chini palipokuwa na pori pana nyumba, soko na shule. Bwawa halikubadilika, hatari yake imekua. Ndiyo sababu wahandisi hawalipimi bwawa kwa kimo chake tu, hulipima pia kwa watu walioko chini yake. Na yuko asemaye, "Mhandisi ni ghali." Huyo twamwuliza kama mgahawa wake, mitumbwi yake na viti vyake vya kupumzikia alivipata bure.

Lakini haki haina upande mmoja. Na sisi wananchi tunayo yetu. Ni nani anayechimba udongo wa matofali katika kitako cha tuta, kwa kuwa udongo wa pale ni mzuri? Ni nani anayepitisha ng'ombe juu ya tuta mpaka wakatengeneza mfereji? Ni nani anayelima mpaka ukingoni mwa mto, anayetupa takataka katika kalvati, anayejenga katika mkondo wa maji kwa sababu kiwanja ni rahisi? Hatuwezi kumnyoshea kidole mwenye bwawa kwa mkono ulioshika jembe la kubomolea tuta lake.

Wala hatusemi mabwawa yafutwe. Kilosa ni nchi ya wakulima na wafugaji, na yaliyotokea baina yao kwa kugombea maji na malisho tunayajua, na hatuyataki tena. Mabwawa madogo yakitengenezwa vizuri ni neema: ng'ombe wanakunywa mbali na mazao, mboga zinastawi, watoto wanapata samaki. Hata starehe si dhambi. Mgeni wa Mikumi akipumzika penye maji, kijana wetu anapata kazi. Tunachotaka ni starehe isiyolipiwa na roho ya mtu mwingine.

Basi twadai mambo matano, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila kijiji na kila kata iandike mabwawa yote yaliyomo, makubwa na madogo, yenye wenyewe na yaliyoachwa, na orodha hiyo ipelekwe kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya na kwa Bodi ya bonde lake.

Pili, kila bwawa lililo juu ya makao ya watu likaguliwe na mhandisi anayetambuliwa kabla ya mvua, na majibu yasomwe katika mkutano wa kijiji, si kufungiwa kabatini.

Tatu, mwenye bwawa asafishe utoro, aondoe wavu na mifuko, afyeke vichaka juu ya tuta, na awe na bomba la kupunguzia maji linalofanya kazi. Asiyeweza, maji yake yapunguzwe.

Nne, mabwawa yasiyo na mwenyewe yasiachwe yatima. Shamba likifa, bwawa lake halifi. Serikali iamue kila moja: litengenezwe, au lifunguliwe kwa utaratibu wa wahandisi.

Tano, chini ya kila bwawa iwepo njia ya kuwaamsha watu. Shule zina kengele, misikiti na makanisa yana vipaza sauti, na simu ziko mikononi mwetu. Watu wajue kilima cha kukimbilia, wala wasikimbilie kufuata bonde.

Kwa wanachama wetu twaongeza neno moja la kuonya. Asije mtu, kwa hasira au kwa hofu, akachukua jembe akalikata tuta usiku. Akatayelikata atakuwa ameyaleta yale yale aliyoyaogopa, na wa kwanza kuchukuliwa atakuwa yeye. Bwawa hupunguzwa polepole, kwa bomba au kwa mpira wa kunyonyea maji, mbele ya ajuaye kazi.

Kazi yenu ni nyingine. Siku ya mkutano wa tawi, chagueni watu watatu au wanne, wamwendee mwenye bwawa kwa adabu, wamwombe kutembea naye nyuma ya tuta lake, si mbele penye viti. Waandike wanachokiona: mti, shimo, ufa, chemchemi, na rangi ya maji. Nakala moja abaki nayo mwenyewe, moja iende kwa Afisa Mtendaji wa Kata, moja iende kwa Bodi ya Bonde. Waandike na tarehe. Mwenye bwawa mwema atawashukuru. Mwenye kuwafungia lango naye atakuwa amewapa jibu, na jibu hilo nalo liandikwe.

Mvua haziombi ruhusa ya ofisi yoyote. Kazi hii ifanywe kiangazi hiki, maji yangali chini na tuta likiwa kavu.